Nyumba Isiyo na Nyuma

Kinole, Morogoro.
Jumatano, baada ya sala ya alfajiri.

Kwa Mwalimu Editha,
Kilakala.

YAH: KUMWAMURU MWANAO CASTORY AIPATIE NYUMBA YANGU UPANDE WA NYUMA

Ndugu Mwalimu,

Shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye ni yule yule hata kama wewe unamwendea Jumapili na mimi Ijumaa. Goti linaendeleaje? Siku ile ya uzinduzi wa nyumba nilikuona ulivyolishika wakati unapanda zile ngazi ambazo mwanao anasema si ngazi, ni mlima unaoendelea ndani. Nikasema moyoni, mama wa watu, kamzaa, kamsomesha, na bado anapandishwa ngazi. Yale mafuta ya karafuu niliyokupa ujipake unapokwenda kulala. Usijipake mchana, utanukia pilau na wanafunzi wako wa zamani watakufuata mpaka nyumbani.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Mvua zimeanza, doriani zimeanza kuanguka, na binti yangu Mwanvita amejifungua salama mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Ila mtoto huyo mpaka leo baba yake hajamshika mkononi, na jina hana, na chanzo cha hayo yote, nakwambia bila chuki, ni mchoro wa mwanao. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kama umenisahau, mimi ni Mwanahawa, Mama Mwanvita, mwenye nyumba. Ni yule aliyekutandikia kanga ukae siku ile, kwa kuwa kila kiti kilikuwa kinayumba. Nimefikiri sana ni nani wa kumwandikia. Kwanza nilikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikaeleza kwamba nyumba yangu haina nyuma. Kijana wa mezani akaniuliza kama ina mbele. Nikamwambia na hiyo haina. Akasema kwa taratibu zao nyumba ni kitu chenye mlango, kisicho na mlango ni banda, na mwenye banda halalamiki. Nikashukuru nikarudi.

Mwanao mwenyewe nimeshamwambia sana. Tabu ni kwamba Castory ukimlalamikia anafurahi. Si dharau. Ana adabu kijana yule, ananiamkia kwa mikono miwili, lakini kila nikimpa shida yangu macho yanang'aa, anasema asante sana Mama Mwanvita, hayo ndiyo matokeo. Sijawahi kuona mtu anapokea malalamiko kama amepewa mbuzi.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Siku ya uzinduzi walikuja wahadhiri, wakaja wageni wa kutoka ng'ambo, akaja na mheshimiwa mmoja wa suti aliyekuwa anatokwa jasho. Wote walizunguka nyumba wakatikisa vichwa wakapiga makofi. Wewe peke yako ulisimama na mwavuli wako ukauliza, "Castory, mlango uko wapi?" Watu wakacheka wakidhani unatania. Mimi nilikuangalia usoni, hukuwa unatania. Tangu siku ile nakuhesabu mwenzangu.

Nikukumbushe kidogo tulikotoka. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imelainishwa na masika mpaka ukuta wa chumbani ukawa unaingia kidole. Castory akaja mlimani kutoka chuoni anakofundisha kuchora majumba, anatafuta familia ya kukaa kwenye nyumba ya majaribio, atajenga yeye kwa udongo wa kushindilia na mianzi, bure kabisa, kwa sharti moja tu, kwamba tusiongeze wala kupunguza kitu mpaka amalize kujifunza. Alipotuonyesha mchoro nilimuuliza, baba, hii itakuwa nyumba ya namna gani? Akasema, "Mama, hii nyumba ni swali." Mimi nilikuwa naomba jibu, maana masika yalikuwa karibu, lakini sikutaka kumvunja moyo kijana wa watu. Nikasema inshallah. Na kwa kuwa ardhi hii ni ya ukoo wa mama yangu, kama ilivyo kwetu Waluguru, ruhusa niliitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mume wangu Hashimu hakuulizwa. Yeye kwa ukoo wetu bado ni mgeni mwenye tabia nzuri.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kona. Nyumba ni mviringo, au tuseme ni mviringo ulioghairi, maana unaanza kuzunguka halafu unabadili mawazo. Kona haina hata moja. Mwalimu, wewe umeendesha nyumba, unajua kona ni kitu gani. Ufagio unakaa kwenye kona. Mtoto aliyenuna anakaa kwenye kona. Kabati langu la harusi, lililotengenezwa na fundi mwenye akili za mraba, limesimama katikati ya chumba kama mgeni aliyekosa kiti, na kila anayepita analiomba radhi. Kitanda ukikisogeza ukutani kinaacha mwanya. Kwanza ulikuwa unaingia mto, halafu ikawa blanketi, halafu akaingia Hashimu. Mgongo wake haujakaa sawa mpaka leo.

2. Kibla. Hili nalisema kwa uzito. Katika nyumba ya kawaida ukishaujua ukuta wa kibla umemaliza, hata mgeni unamwonyesha kwa kidevu. Ukuta wangu mimi hauna msimamo. Hashimu alitundika kalenda ya msikiti mahali penyewe kabisa, lakini kwa kuwa ukuta unapinda, ukisogea kidogo kalenda inaonekana imeelekea kwingine. Ramadhani iliyopita tulialika watu kufuturu, tukaswali magharibi humu ndani. Tulipomaliza, shemeji yangu alikuwa ameelekea Matombo na mimi nimeelekea Morogoro mjini. Sheikh akasema nia imepokelewa. Ila mwaliko wa pili aliomba udhuru.

3. Hodi. Kuta zake zinapishana kama watu wanaosalimiana njiani, kwa hiyo unaweza kuingilia popote. Basi mgeni hajui asimame wapi apige hodi, na mimi sijui niitikie nimeelekea wapi. Mzee mmoja wa msikitini alikuja kumjulia hali Hashimu, akawa anazunguka nyumba anaita hodi, anazunguka tena, anaita tena, mpaka nikajikuta nakumbuka kitu ambacho haifai kukifananisha na nyumba yangu, astaghfirullah. Juzi nilisikia mtu kaingia nikasema karibu, karibu sana, pita ukae. Alikuwa mbuzi wa jirani yangu Fatuma. Akapita akakaa.

4. Ndani na nje. Castory anasema mpaka kati ya ndani na nje ni mazoea tu. Kuku wangu wamemwelewa kuliko wahadhiri wote. Shida ni wanafunzi wake. Wanapanda kutoka mjini na makaratasi ya kuchorea, wanaingia bila hodi kwa sababu wamefundishwa kwamba hawajaingia. Mmoja alinikuta nachambua mchicha akaniuliza najisikiaje ndani ya nafasi hii. Nikasema Alhamdulillah. Akaandika. Mwingine alikunywa chai yangu akidhani imewekwa kwa maonyesho, na alipogundua akanisifia tangawizi. Na ile ndege yao ndogo ya kupiga picha ilikuja kuning'inia juu yangu wakati naanika vile vitu ambavyo mwanamke anaanika nyuma ya nyumba. Mimi nyuma sina. Kwa hiyo viko ng'ambo huko, Mwalimu, kwenye ile picha iliyoipatia nyumba tuzo, kushoto kidogo ya paa.

Mazuri yake sikatai. Jua likiwaka nyumba ni baridi, moshi hautuingii machoni, na lile paa lililobinuka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo linakusanya maji ya mvua kiasi kwamba sijateka mtoni tangu tuhamie. Mungu amlipe kwa hayo. Lakini hayo si malalamiko, kwa hiyo sikuyapa namba.

5. Nyuma. Sasa nimefika penyewe. Wewe ni mtu wa kuja, kama walimu wengi wa mjini, huenda hili hulijui. Huku mlimani, kwa watu wa rika langu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Yeye akija kwa mbele, mimi natokea uani. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Sheikh alishaniambia kwamba mkwe ni maharimu wangu, dini hainikatazi kumwona. Nikamjibu najua dini haikatazi, anayekataza ni bibi yangu, na bibi yangu hata kaburini sijazoea kumbishia.

Mkwe wangu anaitwa Mikidadi. Ananunua matunda huku juu anayapeleka sokoni Mkuyuni. Uso wake sijauona, hata siku ya harusi mimi nilikuwa uani na masufuria. Namjua kwa kikohozi, kwa mlio wa pikipiki, na kwa viatu, maana viatu vyake nimevitazama sana nikiwa migombani. Ni viatu safi. Nilishamwambia Mwanvita, mtu wa viatu safi kwenye matope haya ana nia njema.

Alipomleta mke wake ajifungulie kwetu, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza, alikohoa kwa adabu upande wa midalasini. Nikakimbilia upande wa pili. Naye, mtoto wa watu, kwa kuwa hakuona mlango, akaanza kuzunguka kuutafuta, akazungukia huko huko niliko. Nikasogea mbele. Akasikia kanga inapita, akajua ni mimi, akageuka ili anipishe, na mimi nilikuwa nimeshageuka ili nimpishe yeye. Tukazungukana, Mwalimu, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa mbio, mpaka Mwanvita na tumbo lake akakaa chini akacheka mpaka akalia. Mwisho nikajitosa migombani, mvua ikanishukia, nikakaa humo mpaka alipopata chumba cha wageni.

Nilipomsimulia Castory akaniuliza kama tunaweza kurudia siku ambayo wanafunzi wake wapo.

6. Ukuta. Kuna ule ukuta mrefu unaopinda kutoka jikoni mpaka chumba cha wageni. Una tabia ambayo haikuwepo kwenye mchoro. Ukinong'ona karibu nao ukiwa jikoni, neno linatambaa na udongo, linazunguka nyumba, linamshukia sikioni aliyekaa chumba cha wageni, tena likifika limenenepa. Wahadhiri wameusifu sana ukuta huo baadaye. Mimi siku hiyo sikuujua. Nimelowa, nakoroga uji, Fatuma yupo ananisaidia kupuliza moto, nikamnong'oneza jambo la kawaida kabisa ambalo mama mkwe yeyote humwambia jirani yake. Nilisema, "Kukohoa anajua, lakini mke kamleta kama mtu anayerudisha sufuria la kuazima. Kaliweka chini anataka kuondoka, hajauliza hata kama limeungua."

Fatuma akacheka. Upande wa pili wa nyumba Mikidadi akasimama, akamuaga mke wake, akashuka na pikipiki yake bila kunywa uji.

Naomba unielewe hapa, Mwalimu, maana Hashimu hanielewi, anasema kosa ni langu. Kosa langu liko wapi? Maneno kama yale katika nyumba yenye kona hayafiki popote. Yanasogea mpaka kwenye kona ya jikoni, yanakaa pale na ufagio, ikifika jioni yamekwisha. Ndiyo kazi ya kona. Bibi zetu walisema makubwa kuliko hayo na ndoa zikadumu, kwa sababu waliyasemea kwenye kona. Anayetaka kuondoa kona kwenye nyumba anatakiwa kwanza amwondoe mama mkwe jikoni, na hilo Castory hakulipangia.

7. Mtoto. Mwanvita akajifungua. Tukampelekea Mikidadi habari, akashukuru Mungu, akatuma watu wake waje kunipongeza. Yeye hakuja. Hajatutupa, sitamsema vibaya tena, hasa kwa kuwa nimekaa karibu na ukuta. Anatuma nepi, anatuma samaki wa kumtilia mzazi mchuzi, anatuma ndizi na pilipili manga. Kila kitu kinafika kwa bodaboda isipokuwa yeye. Amesema atakuja siku atakayoweza kuingia bila kumfukuzia mama mkwe wake mvuani, na kukaa bila kusikia yasiyomhusu. Ni maneno ya heshima, na ndiyo maana yananiuma. Angetukana ningepumzika.

Jioni anasimama chini barabarani. Mwanvita anasogea pembeni ya nyumba, anamwinua mtoto juu, na baba mtu anamtazama kutoka kule kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Halafu anawasha pikipiki anaondoka. Mimi huwa nipo nyuma ya kabati, pale pale katikati ya chumba, nasikia mlio unavyopungua.

Utasema kwa nini Mwanvita asishuke. Hawezi, mzazi hatoki nje mpaka itimie arobaini yake. Na hapo napo mwanao katuingiza matatani, maana hiyo nje iko wapi? Shangazi zake Mwanvita walikaa kikao kizima. Mkubwa alisema ndani inakwisha pale inapokwisha sakafu. Mdogo akasema hapana, ni pale linapokwisha paa, na paa la Castory limeipita sakafu kwa mbali. Wakasikilizana wakachora mstari wa majivu. Mvua ikaufuta, na mvua yenyewe hatujui kama ilinyesha ndani au nje. Basi binti yangu kila jioni akimwinua mtoto hajui kama anaitii mila au anaivunja. Anamwinua tu, machozi yanamtoka.

Jina mtoto hana kwa sababu kwetu sisi jina la huyu wa kwanza linatoka kwa baba yake, na baba yake anataka alitamke akiwa amemshika. Akika, yaani karamu yetu ya mtoto kupewa jina, imesogezwa, ikasogezwa tena, mbuzi tuliyemwandaa ananenepa na ameanza kutuzoea. Hashimu alimwadhinia mtoto sikioni siku ile ile, kwa hiyo kwa Mungu anajulikana. Ni sisi tu hatujui tumwiteje. Kwenye kadi ya kliniki wameandika Mtoto wa Mwanvita. Humu ndani tunamwita Mgeni, na ninachoogopa ni kwamba ameanza kuitikia.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima umwamuru mwanao atufanyie yafuatayo.

Kwanza, aipe nyumba nyuma. Ukuta ulionyooka, mlango unaofungwa kwa komeo, na uani wa kawaida wenye mafiga, kamba ya nguo, na mahali pa mama mkwe kukimbilia. Pili, kona. Sidai nne. Hata akinipa moja tutaitumia kwa zamu. Tatu, asichore kwanza. Akichora tumekwisha.

Usifikiri hatukujaribu wenyewe. Hashimu, na mgongo wake, alisimamisha bati moja upande wa midalasini ili angalau nipate pa kujificha. Castory alipoliona alikaa chini kama aliyepokea habari ya msiba, hakula, nikamhurumia, nikaling'oa mwenyewe na kumpikia wali. Baadaye nikampigia simu nikamweleza habari ya mtoto, kwamba nyuma sasa si pambo, ni dharura. Alisikitika, nasema kweli. Halafu akasema atakuja Jumamosi hii na udongo na wanafunzi wake wote kujenga nyuma. Nikamshukuru Mungu. Ndipo akaongeza kwamba nyuma nayo ni swali, na kwamba ana wazo la nyuma inayosogea. Mwalimu, nyuma inayosogea, siku ikisogea, ni mbele. Nitakutana na mkwe wangu uso kwa uso mlangoni pangu, tena mbele ya wanafunzi wanaoandika.

Kwa hiyo mwamuru wewe. Umwite, umsimamishe, umwambie kwa sauti ile ya darasani kwamba safari hii ajenge kama watu wengine, halafu akamalizie maswali yake kwenye nyumba ya mtu asiye na wakwe.

Nisalimie mumeo Mzee Geofrey na redio yake, msalimie Furaha anayekusaidia kazi, wasalimie majirani zako wote wa Kilakala hata wale tusiofahamiana. Castory pia umsalimie, mwambie sina kinyongo, ila amekonda. Hashimu anakusalimu akiwa amelala chali. Fatuma anakusalimu. Mwanvita anakuamkia, na Mgeni anakuamkia kwa sauti ambayo ukifungua dirisha huko Kilakala labda unaisikia.

Ni mimi ninayekuheshimu na kuliombea goti lako,

Mwanahawa binti Mansuri,
Mama Mwanvita.

Nyongeza. Mwalimu, nilikuwa nimeshaikunja barua, nasubiri gari la matunda liiteremshe mjini. Nimeikunjua tena.

Mwanvita alikuwa anaoga, Hashimu amejikongoja mpaka msikitini. Nilikuwa nimembeba mtoto, nambembeleza, nikasikia kikohozi. Hakikutoka barabarani. Kilikuwa hapa hapa. Bodaboda anayetuletea vitu ameamka na homa, kwa hiyo Mikidadi alipanda mwenyewe na mkungu wa ndizi begani, akakusudia auache pembeni ya nyumba ashuke kimya kimya. Lakini unaijua nyumba yenyewe. Alipofika pembeni akawa amefika katikati.

Nikageuka haraka nikampa mgongo. Na yeye, nilisikia viatu, akageuka akanipa mgongo. Kila mmoja akaanza kurudi kinyumenyume ili ampishe mwenzake, tukagongana migongo. Mtoto akashtuka akaanza kile kilio chake.

Tukabaki hivyo hivyo. Nyuma ingekuwepo ningekuwa nimeshafika uani zamani, na mtoto mikononi, heshima nimeitimiza, na yeye angekuwa amewasha pikipiki. Nilimsikia anavyopumua. Kisha nikasikia mkungu unawekwa chini taratibu, kama unavyoweka kitu unapotaka mikono yako iwe mitupu.

Nikafikiria nimpitishie mtoto kwa nyuma bila kugeuka. Nimezaa na nimelea, Mwalimu. Mtoto mchanga hapitishwi kwa nyuma, shingo yake haijakaza. Nikamwomba bibi yangu radhi, nikageuka.

Akasema, "Shikamoo mama."

Nikasema, "Marahaba baba. Shika shingo."

Akaishika shingo. Ana uso wa kawaida kabisa, isipokuwa masikio. Masikio ni ya mtoto, yale yale, yamesimama. Siku zote hizi nimekaa na masikio yale mapajani kwangu najiuliza yametoka ukoo gani. Mtoto akanyamaza, wakaangaliana. Mikidadi akamwinamia akamwambia jina lake, akamwambia yeye kwanza, polepole, kisha akaniambia mimi. Anaitwa Ahmadi. Mwanvita alitoka kuoga akatukuta watatu tumesimama, akarudi ndani kulia, kama ni ndani. Sasa Mikidadi amekaa anakunywa uji, na mimi naandika nikiwa upande ambao ananiona. Bado nasikia aibu kidogo, lakini uji anausifia.

Akika ni Ijumaa baada ya sala. Uje na goti lako, wewe na Mzee Geofrey, kanga nitatandika.

Na kuhusu nyuma, naomba isijengwe. Isiyosogea wala inayosogea. Castory mimi siwezi kumzuia. Nimempigia sasa hivi nikamwambia aache, akafurahi mno, akasema hayo nayo ni matokeo, atakuja Jumamosi vile vile na wanafunzi na udongo ili aelewe kwa nini sitaki tena. Udongo ukishafika hapa atajenga tu, namjua. Anayemsikiliza ni wewe. Mwambie aje Ijumaa kula, mikono mitupu. Tafadhali nijibu mapema, gari la matunda linarudi huku kesho.